MTU AKIANGUKA KAZINI TUSISIMAME TUKAMTAZAMA

Ndugu wanachama, na ninyi ndugu vibarua mnaosomewa karatasi hii na wenzenu,

Twaandika habari ya aibu, na aibu yenyewe ni yetu sisi kwanza kabla haijawa ya mtu mwingine. Msimu wa mavuno uliopita mtu mmoja wa Kipsongo alianguka akipakua mahindi katika ghala la mtu binafsi hapa Kitale. Ghala hatulitaji, maana hatukuja kugombana na mlango mmoja. Milango ya namna ile ni mingi toka hapa mpaka Bungoma. Alikuwa kibarua, mtu wa makamo, mwenye nguvu zake. Alitua gunia la kilo 90, akashika kifua, akasema anaona kama amewekewa jiwe juu ya mbavu. Jasho lilimtoka na asubuhi ilikuwa bado ya baridi. Nyapara akamwambia, "Kaa kidogo, mzee, utapata nafuu." Akakaa juu ya magunia. Haukupita muda akaanguka chini.

Sisi wachache wa gengi ya reli tulikuwapo, tumekwenda kumwona ndugu yetu mmoja afanyaye kazi pale. Basi sikieni tulivyofanya. Mmoja alimmwagia maji. Mwingine aliona mikono yake inatikisika, akasema ni kifafa, akatafuta kijiko amtie menoni. Mwingine aliwasha kiberiti amnusishe moshi. Mwingine alitaka aketishwe apewe soda. Walikuwapo pia waliotoa simu, si kwa kuita msaada bali kwa kupiga picha. Mama mmoja auzaye chai langoni ndiye peke yake aliyesema, "Huyu hapumui, huyu anakoroma tu." Hatukumsikiliza, kwa kuwa yeye ni mama wa chai na sisi ni wanaume wa kazi. Likatafutwa gari. Dereva wa lori akasema hana ruhusa ya mwenye mali, na mwenye mali hakushika simu. Mwisho wake akabebwa kwa bodaboda, katikati ya watu wawili, miguu ikiburura. Alipofikishwa kwa daktari ilikuwa imekwisha pita nusu saa. Daktari alimpima, akatutazama, akauliza, "Nani alimbonyeza kifua?" Tukanyamaza wote.

Swali lile ndilo lililotufanya tuandike. Tumeuliza tangu siku ile kwa watu wenye elimu hiyo, na tulichojifunza ni kwamba yule mama alisema kweli kuliko sisi sote. Moyo ukisimama ghafula, mtu huweza kutikisika kidogo kama mwenye kifafa, tena huweza kuvuta pumzi moja moja nzito kama samaki aliyetolewa majini. Pumzi ile si pumzi. Ni ubongo unaokosa damu. Mtu asiyesikia akiitwa na kutikiswa bega, na ambaye hapumui sawasawa, huyo moyo wake mhesabuni kuwa umesimama, hata kama anakoroma. Msitafute kijiko. Msimwage maji. Hakuna mtu aliyefufuliwa na soda.

Yafaa tutenge mambo mawili, maana watu huyachanganya. Kuna mshtuko wa moyo: mshipa uupelekeao moyo damu umezibwa na bonge la damu, na nyama ya moyo inaanza kufa. Mtu huyu mara nyingi yu macho, anasema nawe. Kifua kinabana au kinaelemewa, maumivu yanakwenda bega la kushoto, mkono, taya au mgongoni, jasho la baridi linamtoka, anataka kutapika, pumzi zinakatika. Wanawake na wenye kisukari huenda wasisikie maumivu makubwa ya kifua, wachoke tu na kukosa hewa. Jambo la pili ni moyo kusimama. Mtu huyu amelala, hasikii, hapumui. Lile la kwanza laweza kuleta hili la pili wakati wo wote, kama lilivyomleta mwenzetu. Alipokaa juu ya magunia akishika kifua, muda ule ndio tulikuwa nao. Kumwambia "kaa kidogo" ilikuwa ni kumngojea afe. Ilitupasa kumwachisha kazi kabisa, kuita gari dakika ile ile, na kumpa aspirini ya miligramu 300 aitafune, kama si mtu ambaye aspirini humdhuru wala hana kidonda cha tumbo kinachotoa damu. Hospitalini hupimwa kwa mashine inayoandika mwendo wa moyo, nayo yatakiwa ifanywe ndani ya dakika kumi tangu mgonjwa aingie mlangoni. Ziko dawa za kuyeyusha bonge, ila zina faida katika saa 12 za kwanza, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. "Kaa kidogo" ni adui.

Sasa moyo ukiisha simama. Mara nyingi, hasa ukisimama ghafula kwa mtu mzima, haunyamazi mara moja. Unatetemeka ovyo, kila uzi wa nyama unavuta upande wake, kama gengi isiyo na mwimbishaji: kila mtu ananyanyua reli kwa wakati wake na reli haiondoki mahali pake. Damu haitoki. Dawa ya mtetemeko huo ni pigo moja la umeme kutoka kwenye mashine ya kushtua moyo, ambalo linanyamazisha fujo yote ili moyo upate kuanza upya kwa zamu yake. Wengi hudhani mashine huamsha moyo uliokufa kabisa, kama waonavyo katika filamu. Sivyo. Moyo ulionyamaza kimya hausikii umeme. Kwa hiyo kila dakika inayopita bila mashine na bila kubonyezwa kifua humpunguzia mtu nafasi ya kupona kwa sehemu saba hadi kumi katika mia. Hesabuni wenyewe dakika zetu thelathini za bodaboda.

Kubonyeza kifua ndiko kunakonunua wakati. Mlaze mtu chali mahali pagumu, si juu ya magunia. Piga magoti kando yake, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono mwingine juu yake, nyoosha viwiko, bonyeza kwa uzito wa mwili wako kwenda chini sentimita tano, isizidi sita, kisha uachie kifua kirudi juu chote. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Wimbo wetu wa kuvuta reli ni mzito mno kwa kazi hii; utafuteni ulio mwepesi. Aliyefundishwa kupuliza pumzi mdomoni abonyeze mara 30, apulize mbili, aendelee hivyo. Asiyefundishwa, au anayeogopa ugonjwa, abonyeze tu bila kukoma. Mbavu zaweza kulia, zaweza kuvunjika. Msiache. Mbavu hupona. Tena baada ya dakika mbili apokewe na mwingine, maana mikono ikichoka kifua hakishuki tena. Hili halihitaji kuelezwa kwa watu wa reli. Hakuna nyapara mwenye akili amwachaye mtu mmoja apige nyundo mpaka jua lizame.

Watu watasema kazi hii ni ya madaktari. Twajibu: hii ni kazi iliyotoka kwetu. Katika miaka ya 1920 kule Marekani makampuni ya umeme yaliona mafundi wao wa nyaya wanakufa kwa kupigwa na umeme, wakalipia uchunguzi. Profesa mmoja wa umeme, William Kouwenhoven, mtu wa Baltimore ambaye hakuwa daktari bali mhandisi, alishika uchunguzi ule miaka mingi. Mwaka 1958 mwanafunzi wake Guy Knickerbocker aliona kwamba kule kukandamiza vyuma vya mashine juu ya kifua cha mbwa kulipandisha damu hata kabla umeme haujapitishwa. Mwaka 1960 wao wawili pamoja na daktari James Jude waliitangaza njia ya kubonyeza kifua kwa mikono mitupu. Kwa hiyo elimu hii imenunuliwa kwa vifo vya wafanya kazi wa nguzo za umeme, nayo sasa imefungiwa hospitalini kana kwamba si mali yetu. Mwaka 1967, katika mji wa Jacksonville, fundi mmoja wa nyaya, Randall Champion, alipigwa na umeme akaning'inia juu ya nguzo. Mwenzake J. D. Thompson akapanda, akampulizia pumzi mdomoni pale pale juu, wote wawili wakiwa katika mikanda yao. Champion aliishi hata mwaka 2002. Aliyemwokoa hakuwa na koti jeupe. Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari ya Elisha na mtoto wa yule mama Mshunami, mdomo juu ya mdomo. Wazee wetu hawakuona haya nayo.

Na mashine je? Ya kwanza ya kubebeka ilitengenezwa Belfast mwaka 1965 na daktari Frank Pantridge, ikitumia betri za gari, uzito wake kama kilo 70, karibu na gunia la mahindi. Za siku hizi hubebwa kwa mkono mmoja. Unaifungua, inasema kwa sauti: bandika hapa, ondokeni, bonyeza. Yenyewe inapima mwendo wa moyo, na kama hakuna mtetemeko wa kushtuliwa haitoi umeme, hata ukiilazimisha. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo kutoka nyumba za kamari za Las Vegas, ambako askari walinzi wa mlangoni walifundishwa kuitumia. Katika watu walioonekana wakianguka kwa moyo wa kutetemeka, walioshtuliwa ndani ya dakika tatu walipona 74 katika mia. Waliocheleweshwa zaidi ya hapo walipona 49. Someni tena: askari wa mlangoni, si madaktari. Kama mlinzi wa kamari aweza, mlinzi wa ghala la mahindi hawezi kwa nini?

Hatusemi uongo. Hata katika nchi tajiri, watu wengi moyo unaowasimamia nje ya hospitali hawapati kurudi. Kule Marekani ni kama mmoja katika kumi. Lakini huyo mmoja ana watoto. Wapenda mpira mnajua. Fabrice Muamba, kijana aliyezaliwa Kongo, alianguka London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, akabonyezwa na kushtuliwa muda wote huo, na leo yu hai. Christian Eriksen wa Denmark alianguka tarehe 12 Juni 2021 mbele ya macho ya dunia, na hapa mjini watu waliona katika televisheni jinsi wenzake walivyomzunguka wakiangalia nje ili abonyezwe kwa heshima. Alirudi kucheza. Walikuwa na moyo kama wa mwenzetu wa Kipsongo. Tofauti ni nani alikuwa kando yao na alijua nini.

Tumesikia pia jinsi kazi ilivyo ndani ya hospitali, na yafaa mjue ili msidhani daktari anafanya uganga. Nao hubonyeza kifua kama sisi, kwa zamu za dakika mbili. Kila mwisho wa zamu hutazama mwendo wa moyo. Ukitetemeka hushtua, ukiwa kimya hawashtui. Hutia adrenalini miligramu moja kwenye mshipa kila dakika tatu hadi tano, na kama mtetemeko haujakoma baada ya pigo la tatu hutia amiodaroni miligramu 300. Huku wakitafuta kisa: damu imemwagika? Hewa imekosekana? Chumvi za damu zimepotea mizani? Bonge limeziba mapafu? Hewa imejaa kifuani na kuugandamiza moyo? Amekunywa sumu? Hili la mwisho katika nchi hii ya mashamba, ambako dawa ya wadudu huwekwa katika chupa ya soda, si jambo dogo. Lakini dawa zile zote haziwezi kumrudishia mtu ubongo ambao umekaa nusu saa bila damu. Mnyororo una pete nyingi, na pete ya kwanza iko mikononi mwetu. Ikikatika hiyo, nyingine zote zinaning'inia hewani.

Sasa tuje kwa mabwana. Tulipouliza katika maghala kwa nini hakuna hata mtu mmoja aliyefundishwa, tulipewa majibu matatu. La kwanza: ni siku yake ilifika. Jibu hili ni rahisi kwa mtu ambaye siku ya lori lake haifiki, maana lori hulipeleka kwa fundi kila mwezi. La pili: hawa ni vibarua, leo wapo kesho hawapo. Kweli, kesho hakuwapo. La tatu: mashine ni ghali. Hatukatai kwamba ina bei. Lakini bei yake haifiki thamani ya lori moja kubwa lililojaa mahindi, nayo hukaa miaka, isipokuwa betri na vibandiko vya kubadilishwa. Na mafunzo ya kubonyeza kifua hayana bei ya lori. Ni nusu siku ya kazi. Nusu siku hiyo ndiyo wanayotunyima.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi aweke sanduku la huduma ya kwanza. Tumeyaona masanduku hayo. Moja lilikuwa na kufuli, na ufunguo uko Nairobi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Tangu Oktoba 2024 tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima mpya ya afya, na katika sheria yake kumewekwa mfuko wa dharura na magonjwa mazito. Vema. Lakini haki hizi zote zinatungojea langoni mwa hospitali, na sisi twafia langoni mwa ghala. Kutoka Kitale hata hospitali kubwa ya rufani ya Moi kule Eldoret ni kama kilomita 70, na vichochoro vya Kipsongo si njia za ambulansi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 ili kuchukua mahindi. Kwa mahindi njia ilipatikana.

Wala tusiwasaze wetu. Katika mikutano ya chama tumegombea sare, posho, mabati, na hayo ni haki. Lakini ni nani aliyesimama akadai kwamba katika kila mapatano na mwajiri kiwemo kipengele hiki: watu wawili katika kila zamu wafundishwe kubonyeza kifua, kwa saa za mwajiri na si za Jumapili yetu, na warudiwe kila mwaka, tena gari moja liwe na dereva aliyekwisha pewa ruhusa kabla ya siku ya msiba? Hatukudai. Tulidhani ni jambo la misheni au la Msalaba Mwekundu, jambo la kuombewa. Mafunzo haya yaingie mezani pamoja na mshahara, na vibarua wahesabiwe ndani yake, maana moyo haujui nani ameandikwa na nani hakuandikwa.

Bado lipo neno moja ambalo watu hulisema kwa kunong'ona: "Nikimshika akafia mikononi, polisi watanikamata." Ndugu, asiyesikia na asiyepumua amekwisha fika huko unakoogopa kumpeleka. Mikono yako haiwezi kumpeleka mbali zaidi. Yaweza tu kumrudisha.

Tumezungumza na nesi mmoja ambaye amekubali kutufundisha bure, na yule mama wa chai tumemwomba awe wa kwanza katika safu. Amekubali, ila alitucheka kwanza. Tutakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, chini ya mti ulio nyuma ya nyumba za gengi. Katibu atapeleka barua ya kipengele kile kwa waajiri wiki hiyo hiyo, na atakayekataa kuipokea jina lake litasomwa mkutanoni. Mwenye gunia kuukuu aje nalo. Tutalijaza maganda ya mahindi, tulishone, tulilaze chali.